Laptop Niliyotoa Kanisani Iko Kabatini Kwangu

Admin, ficha jina langu kabisa, na kanisa pia usilitaje, maana hapa mtaani Free Area tunajuana mpaka rangi ya mapazia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nina watoto watatu, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Nina duka la kufuma sweta za shule na nimeajiri akina mama wanne. Huwa nasoma visa vya huku nikicheka, nikisema hawa watu hujitafutia wenyewe. Leo ni zamu yangu, nichekeni.

Mwaka jana kanisa letu lilifanya harambee ya vifaa. Nilikuwa nimenunua laptop mpya kwa jina la duka, nikaitoa. Niseme ukweli, sikutoa kwa unyenyekevu. Nilipita mbele na kitenge kipya, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akaiwekea mikono akaiombea, na tangu siku hiyo nikawa nakalishwa viti vya mbele. Nilipapenda sana pale mbele.

Wakati wa kujaza ripoti ya ushuru ulipofika, nilimpelekea risiti zangu jamaa anayenisaidia na hiyo kazi. Vifaa vya kazi huwa vinapunguza ushuru, na simu ninayopokelea oda ilikuwemo, tablet ya kuonyesha wateja mitindo ilikuwemo. Hizo ni halali. Kisha akashika risiti ya laptop.

"Mathe, hii nayo ni ya kazi ama ni ya watoto?"

"Ni ya kazi. Wewe weka tu."

Jamaa aliuliza vizuri kabisa, kwa hivyo siwezi kusema kuna mtu alinidanganya. Nilijiambia risiti ina jina la duka, pesa zilitoka dukani, sasa dhambi iko wapi? Nikasahau kabisa hayo mambo.

Mwezi huu nimepata tenda ya sweta za shule moja upande wa Gilgil, kazi ya kutulisha mwaka mzima. Shule inataka cheti cha kuonyesha nimelipa ushuru. Kwenda kukiomba ofisi ya ushuru, naambiwa ripoti yangu imechaguliwa kukaguliwa, nilete vifaa vyote nilivyoandika, na namba ya kila kifaa ilingane na ile ya risiti. Na laptop iko kanisani.

Anayeweka funguo za kanisa ni mzee mmoja mjane, nitamwita Mzee Joel. Yeye ndiye hufagia, hupanga viti, na anaishi kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa. Jumanne asubuhi nilimkuta akimwagilia maua. Nikamwomba laptop ya siku moja tu, na nikamsihi asimwambie mtu yeyote. Akaweka maji chini, akatoa funguo mfukoni.

"Mama, si ni wewe uliileta? Chukua. Lakini irudi mapema, kesho kwaya wanaitumia."

"Inarudi leo leo, mzee."

Haikurudi. Afisa wa ushuru hakuwepo siku hiyo, nikaambiwa nije nayo Ijumaa. Ningeweza kuirudisha kwanza, lakini niliogopa nikiirudisha sitaipata tena. Jumatano kwaya wakafungua kabati la kanisa, hakuna kitu. Mzee Joel akaulizwa, akasema hajui. Alisema hivyo kwa sababu mimi nilimwomba anyamaze. Jioni hiyo wazee wa kanisa wakakaa kikao, wakampokonya funguo, wakampa mpaka Jumapili aseme ameiuzia nani. Asiposema, ni polisi, na chumba atoke.

Sasa sikieni. Leo mchana akina mama wa kanisa wamekuja kwangu kunipa pole. Pole, mimi! Wameketi kwenye viti vyangu wanakunywa chai, na laptop iko chumba cha pili, ndani ya kabati, chini ya mashuka. Mwenyekiti wetu akasema, "Wewe ndiye umeumizwa zaidi. Tuongoze tumwombee huyo mwizi, Mungu amlainishe roho." Nikasimama nikaomba. Niliomba vizuri, jamani, mpaka mmoja akalia. Mwingine akasema siku za mwizi ni arobaini, nami nikaitikia amina kwa sauti.

Walipoondoka nilimpigia Mzee Joel. Nikamwambia avumilie kidogo, nikimaliza kwa afisa nitairudisha kimya kimya, ionekane ilikuwa imewekwa nyuma ya spika. Akanijibu taratibu.

"Mama, hiyo watasema nimeirudisha kwa uoga. Lakini usijali, wewe sitakutaja, nilikubali kunyamaza. Ni vile tu nimefagia hiyo nyumba miaka kumi na tisa, na hiyo ndiyo uongo ya kwanza nimesema nikiwa ndani yake."

Hakunifokea. Natamani angenifokea. Nilikaa sakafuni jikoni nikalia mpaka mtoto akaja kuuliza kama nimeungua.

Kesho saa tatu natakiwa kwa afisa. Nikimwonyesha laptop, napata cheti, wale akina mama wanne wanapata kazi, na mzee wa watu anabaki mwizi. Nikisema ukweli, tenda inaweza kuniponyoka, na kanisa zima litajua kwamba kitu nilichompa Mungu kwa vigelegele, nilikiandika kwa serikali kuwa bado ni changu. Najiona kabisa nikirudi kiti cha nyuma huku watu wakigeuka kunitazama. Naogopa, na ninajichukia kwamba hiyo ndiyo naogopa.

Mume wangu hajui lolote, na yeye ndiye aliyetumwa kumpokonya mzee funguo. Amezitundika kwenye msumari hapa sebuleni, na kila akipita anatikisa kichwa. "Mzee wa umri ule, kweli?" Ananiuliza mimi, nami najifanya nakunja sweta.

Matusi msijisumbue, nimeshajitukana yote. Niambieni kitu kimoja tu: kesho asubuhi nikibeba hii laptop, niende nayo wapi?