Mjumbe wa Kiti cha Mbele

Mume wangu ni mtu wa Singida, na hicho ndicho chanzo cha yote. Angekuwa mtu wa huku kwetu angejua kwamba adabu za ukwe nazo huchoka zikapumzika. Siku alipokuja Masasi kunioa, shangazi zangu walimweka kitako wakamwambia kwamba mama mkwe haangaliwi usoni, haongeleshwi moja kwa moja, wala hukai naye jamvi moja. Walitaka kumtisha kidogo tu, kama wanavyotishwa wakwe wote. Wakwe wa huku huvumilia mwaka, miwili, anazaliwa mtoto, halafu unawakuta wanabishana na mama wakwe zao habari za mpira. Wangu aliyashika yale maneno kama katiba, na mwaka jana alikuwa ametimiza miaka kumi na minne bila kuvunja kifungu hata kimoja.

Mama yangu, aliyehamia kwetu baada ya baba kufariki, ni mzaliwa wa Newala na ana kiburi chake. Hakuwa tayari kuzidiwa adabu na mtu wa kuja. Basi mmoja akiingia sebuleni, mwingine anakumbuka ana shughuli uani. Salamu zilipitia kwangu.

"Mwambie mama, shikamoo."

"Mwambie, marahaba."

Wote wawili wamesimama chumba kimoja, masikio yao mazima.

Mazungumzo mengine yalihitaji ufundi zaidi. Mama alisema nami kwa Kimakonde, ambacho mume wangu hakijui kupita salamu. Mume wangu naye, kwa heshima, alininong'oneza sikioni. Mama akisema mchele alionunua mkwe una mawe, nilifikisha kwamba ameshukuru sana. Mume akiuliza kama redio ya mama inaweza kulala mapema kidogo, nilifikisha kwamba anamwombea afya. Nyumba ilikuwa na amani, na amani yote ilitoka kinywani mwangu. Sitajifanya kwamba nilichukia kazi hiyo. Niliipenda kuliko ualimu.

Ualimu wenyewe nafundisha jiografia. Nimechora ghuba na rasi ubaoni mpaka chaki imenikaa mapafuni, lakini barabara ya pwani nilikuwa nimeipita mara mbili tu, zote ndani ya basi, nimelala mdomo wazi. Jambo hilo halikunisumbua mpaka mwalimu wa biashara alipoweka picha za miguu yake mchangani kwenye kundi letu la simu. Miguu mibaya kwelikweli, na watu wakaisifia. Likizo ya Juni ilipofika nikamwambia mume wangu kwamba gari halikununuliwa lifunikwe turubai. Tutapanda Newala, tutateremka kupitia Tandahimba hadi Mtwara, tutalala huko, kisha tutafuata bahari kwenda Mikindani na Lindi na kurudi Masasi kwa njia ya chini. Mzunguko mzima, siku mbili, na picha kila kituo.

Mama akasema na yeye anakuja. Bahari hakuitaka. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, anakaa Mnyambe, na presha ya macho ilikuwa inamla. Jicho la kulia lilikwisha kufa. La kushoto lilibakiza upenyo. Mama alitaka jambo moja: akaonane na mdogo wake wakati mdogo wake naye bado anaweza kumwona. Alimpa salamu kijana wa bodaboda aende akamwambie kwamba dada yake atapita Jumamosi. Mimi nikasema hakuna neno, ni njiani, na wakati nikisema hivyo nilikuwa nakusudia.

Jumamosi asubuhi mama akakaa nyuma, mimi mbele. Kitu cha kwanza alichofanya mume wangu ni kugeuza kioo cha katikati kikatazama dari, asije akakutana na uso wa mkwewe. Tukapanda mlima wa Newala hivyo hivyo, jua kali, gari zuri, dereva hajui kinachomfuata nyuma.

Newala nikataka tusimame Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu unapokatika ghafla na macho yanateremka peke yake mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Ni mahali pa kumfanya mtu anyamaze. Mimi sikunyamaza. Nilipiga picha nikiwa nimesimama, nimekaa, nimenyoosha mkono kama naonyesha wanafunzi mipaka ya nchi, na nyingine nikirekebisha kilemba kana kwamba sijui napigwa. Mama alibaki garini na kikapu cha mihogo mapajani, zawadi ya mdogo wake. Ilipita zaidi ya saa nzima.

Kwa hiyo tulipoikaribia njia panda ya Mnyambe, saa ilikuwa imenigeukia. Nilipiga hesabu: tukikata huku, mama mdogo hatatuachia mpaka tule, na tukila, tutafika Mtwara giza limeshaingia, bahari haionekani, mwalimu wa biashara ameshinda.

"Mwambie mkwe ni hapo mbele," mama akasema kwa Kimakonde.

Mume wangu akaniinamia. "Si tunakata hapa? Mama anasemaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli kwa neno moja. Nikasema, "Anasema mdogo wake hajambo, twende tu. Atakuja siku nyingine kwa nafasi."

Kisha nikageuka nyuma. "Anasema tutapita wakati wa kurudi, mama. Kesho."

"Haya," mama akasema. "Mkwe akisema, amesema." Akaangalia njia panda ikipita dirishani.

Mbele kidogo tukasimamishwa na askari wa barabarani. Akachungulia, akauliza kwa nini kioo kinatazama juu. Mume wangu akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, "Mama mkwe yuko nyuma." Askari akamtazama mama, akamtazama mume wangu, akasema, "Shikamoo mama," akapewa marahaba yake papo hapo, kisha akatuambia twende. Nilicheka hadi Tandahimba. Nilicheka peke yangu.

Bahari tuliifikia jua likiwa bado lipo, na sina la kuisingizia, ilikuwa bahari. Ila nilikuwa nimesahau nimeleta watu gani. Mama hakuweza kukaa kwenye kitenge kimoja na mkwe, na mkwe hakuweza kukaa mahali anapomwona mama mkwe amevua viatu. Akaenda kusimama mbali, kaupa ufukwe mgongo, suruali imekunjwa mpaka magotini. Katika picha niliyomwomba kijana mmoja atupige tunaonekana kama watu watatu wasiojuana wanaongoja kivuko. Niliituma. Mwalimu wa biashara akaweka dole gumba, moja.

Jumapili tukashika njia ya Mikindani. Hapo ghuba inakuja karibu na barabara, maji yametulia, majengo ya kale yameshika kutu ya miaka. Baada ya hapo ile njia yangu ya pwani ikaonyesha tabia yake: minazi, mikorosho, vituo vya mafuta, na bahari ikichungulia kwa mbali na kujificha tena. Nikawa natoa mhadhara wa rasi.

"Jana tuliteremka," mama akasema kwa Kimakonde. "Leo mbona hatupandi?"

"Mbele kuna kupanda, mama."

Mtu aliyezaliwa juu ya uwanda humdanganyi habari za kupanda na kushuka. Akakohoa, akaweka kilemba sawa, kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kamili:

"Baba."

Gari likayumba. Mume wangu akaliegesha pembeni, mikono yake bado imekamata usukani.

"Naam, mama."

"Niambie wewe mwenyewe. Mnyambe tunapita, hatupiti?"

"Mama, si ulisema mdogo wako hajambo, twende tu?"

"Mimi?"

"Jana, pale njia panda."

"Wewe si ulisema tutapita wakati wa kurudi?"

"Mimi?"

Halafu wote wawili wakanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne walikuwa wanaangalia kitu kimoja. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

"Mama," mume wangu akasema, "naomba uje mbele unionyeshe njia."

Nikahamia nyuma na kikapu cha mihogo. Gari likageuzwa. Kutoka hapo hadi tunapanda uwandani sikuulizwa hata saa ngapi. Mama akamwambia kwamba siku zote alidhani Singida ndivyo wanavyolelewa, hawasemi na wakwe. Mume wangu akamwambia alidhani akimtazama usoni, mama atafunga virago arudi Newala. Wakacheka. Wakafika kwenye mchele. Wakafika kwenye redio. Kila walipofukua neno jingine nililolizika, mama aliguna "Ee!" na mume wangu akapiga usukani kwa kiganja. Niliwasikiliza wakipatana juu ya mgongo wangu, na niliona wivu, kwa sababu walikuwa wanazungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuwazungumzia.

Tulifika Mnyambe alasiri. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, baridi ya Juni, manyunyu yakianza. Mama mdogo alikuwa amekaa kibarazani, uso ameuelekeza njiani. Mama alikuwa bado anahangaika na mkanda wa gari. Nikaona nafasi yangu ya kutengeneza mambo. Nikashuka haraka, nikamtangulia.

"Shikamoo, mama mdogo!"

Sauti yangu ni ya mama, kila mtu husema hivyo. Akanyoosha mikono, akaukamata uso wangu, akapapasa paji la uso, mashavu, kidevu, na machozi yakawa yanamtoka.

"Dada. Nilisema utakuja. Jana nilikaa hapa toka asubuhi mpaka kuku wakaingia bandani. Jana jua lilikuwa kali, dada, kwenye jua bado naona sura. Ningekuona. Leo na mawingu haya ni kivuli tu."

Nyuma yangu nikasikia hatua za mama, na mume wangu amemshika mkono.

"Huyo si mimi," mama akasema. "Huyo ndiye aliyenichelewesha. Mimi niko huku."

Mama mdogo akaitoa mikono yake usoni mwangu.