Kichwa cha Chuchunge

Jirani akikuna nazi, harufu yake ikapenya dirishani, Likoni yote hunirudia.

Mimi na kaka yangu tulikwenda likizo huko kwa shangazi, na sheria yake ilikuwa moja: anayevua samaki wa aina mpya atakula kichwa, anayerudia aina tuliyokwisha kula atakuna nazi. Kaka alileta chewa, akaleta kikande, akaleta mpaka taa mwenye mkia wa mwiba. Mimi kila siku nilivua samaki yuleyule, changu, mpaka makalio yakaniota sugu kwa kukalia mbuzi ya kukunia.

Siku ya mwisho mshipi ulitetemeka vingine. Nikavuta, akatoka samaki mwembamba, mdomo mrefu kama sindano ya magunia. Nikakimbia naye hadi jikoni.

"Shangazi, huyu je?"

"Wallahi, chuchunge! Huyu hatujamla." Akamgeukia kaka, aliyerudi na chewa. "Haya, bwana mkubwa, mbuzi ile pale."

Wali ulipopakuliwa nikapewa kichwa changu. Hakikuwa na nyama hata ya kuziba jino. Nilikinyonya polepole, kwa sauti, hadi kaka, mikono ingali inanuka nazi, akainuka akatoka nje.