Karani wa Visiwa vya Nzilo

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Administrator hakuniuliza kama najua kuandika kwa mashini. Aliniuliza kama najua kuogelea.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake pale Kolwezi, nimevaa shati jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi ya makaa asubuhi ile. Baba yangu alikuwa mtu wa Kasai, aliyeletwa na kazi ya mgodi. Sisi watoto wake tulizaliwa katika nyumba za kampuni, zile zilizopangwa mstari kwa mstari, na maji niliyoyajua mimi yalikuwa ya bomba la mtaa. Kwa mapadri nilijifunza Kifaransa, hesabu na maandishi mazuri. Hakuna padri aliyenifundisha kuogelea.

"Hapana, Bwana," nilijibu.

"Basi utajifunza," akasema katika Kiswahili chake cha kazi, "ao utashika mashua nguvu."

Hivyo ndivyo mimi, Ntumba, nilivyokuwa karani wa visiwa. Ninyi vijana mnaosoma haya mnaweza kushangaa, maana Katanga haina bahari. Lakini katika miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, bwawa la Nzilo lilikuwa limekwisha kuujaza mto Lualaba. Maji yalipanda mabondeni, yakafunika mashamba na vijiji, na vilima vilivyokuwa katikati vikabaki vimezungukwa. Vilima vikubwa vikawa visiwa vya watu. Vidogo vikawa visiwa vya ndege. Vingine havikuwa vilima hata kidogo, vilikuwa vichwa vya vichuguu, vile vichuguu vyetu vikubwa kuliko nyumba, na juu yake mbuzi mmoja hangepata pa kulala.

Kazi ya teritwari, yaani ile sehemu ya nchi aliyoitawala Administrator, ilikuwa kujua nani anaishi wapi na chini ya mtawala gani wa jadi, tuliyemwita chefu. Zamani jambo hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu mpaka ulikuwa mto. Upande wa mashariki chefu mmoja, upande wa magharibi chefu mwingine. Sasa mto wenyewe ulikuwa chini ya ziwa, hakuna aliyeweza kuuona, na kila chefu alisema visiwa ni vyake. Tena maji hayakutulia. Mwishoni mwa mvua kisiwa kilikuwa kisiwa kweli, na wakati wa kiangazi maji yaliposhuka, kilishikana na nchi kavu kwa shingo ya matope. Mtu aliweza kulala usingizi mtu wa kisiwani, akaamka jirani wa chefu.

Walijenga posti, yaani kituo cha serikali, ndogo ya matofali ukingoni mwa ziwa, nikapelekwa huko chini ya Bwana Ajenti. Ajenti wa teritwari alikuwa mzungu wa cheo cha chini, kijana, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea vijijini badala ya Administrator. Huyu wetu alikuwa mrefu na mwekundu wa uso. Alipenda kuimba akinyoa ndevu, na Kiswahili alikijua vizuri kuliko wazungu wengi niliowatumikia baadaye. Mwendesha mashua alikuwa Tata Rajabu, yaani Baba Rajabu, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka upande wa Kasongo. Alisali nyakati zake zote, hata kama ni kwenye kichuguu, na sisi tulingoja.

Safari ya kwanza ya sensa, yaani ya kuandika watu, tuliondoka asubuhi kwenye maji yaliyotulia kama sahani. Kuelekea mchana upepo ukaamka. Tata Rajabu alitaka tuegeshe.

"Bwana, huku chini kuko miti," alisema. "Maji iliifunika, lakini iko imesimama. Mi sioni tena fasi ya kupita."

Bwana Ajenti alitazama kisiwa cha Katondo, kilichokuwa karibu kabisa machoni, akasema twende tu. Hatukufika mbali. Mti uliokufa maji ulitoboa mashua yetu ya chuma kama vile mama anavyotoboa kopo la maziwa. Nakumbuka viatu vyangu kujaa maji, na mkono wa Tata Rajabu ukinishika kola. Tuling'ang'ania matawi ya mti uleule uliotuzamisha. Bwana Ajenti alijaribu kuokoa sanduku la makaratasi, akalikosa, na nusura tumkose yeye pia.

Mitumbwi ya Katondo ilitujia kabla sijamaliza sala zangu. Kwenye mtumbwi wa mbele alikaa mwanamke wa makamo, kitambaa kimefungwa kichwani, akipiga kasia bila haraka. Huyo alikuwa Mama Ngoie, mjane, na baada ya muda mfupi niliona kwamba kisiwani pale hakuna kilichofanyika kabla ya kusikia neno lake.

"Muko bangapi?" aliuliza.

"Batatu," akajibu Tata Rajabu.

"Basi bote muko. Kuyeni tukule," akatuita tukale.

Tulikaa kwake siku kadhaa, kwa sababu Bwana Ajenti alishikwa na homa kali. Mama Ngoie alimlaza katika nyumba yake mwenyewe, akamfukiza majani, akamlisha uji kwa kijiko na kumkemea alipokataa. Alimwita "mutoto," na yeye alikubali kuitwa hivyo. Mimi nilikula bukari, yaani ugali wa kwetu, na samaki hadi mkanda ukanibana. Hapo ndipo nilipoona jinsi watu wale walivyoishi. Walitoka pande zote mbili za mto wa zamani. Kulikuwa na mvuvi mmoja wa Kasai aliyechoka na kazi ya mgodi, na nilipomsikia akisema Kiluba cha kwetu, machozi yalinilenga. Walikuwa wamepanga mashamba yao ya muhogo juu ya mgongo wa kisiwa, na mahali pa kuvulia waligawana bila ugomvi. Hawakuwa na chefu. Walikuwa na Mama Ngoie.

Mwaka uliofuata Bwana Administrator wa kwanza alihamishwa, akaja mwingine, mtu mkavu aliyefanya kazi miaka mingi mikoa ya mbali. Alijua Lingala na Kifaransa, lakini Kiswahili hapana. Alipoona machefu wawili wanagombania visiwa, akakata shauri bila kumpa yeyote. Visiwa vihamwe. Watu wote wapelekwe kando ya barabara, ambako daktari angewafikia na gari lingewafikia. Kwenye karatasi, shauri lile lilikuwa safi. Bwana Ajenti alipinga kwa adabu, akaambiwa atayarishe baraza.

Baraza lilifanyika Katondo, chini ya paa la majani walilolijenga kwa ajili hiyo. Machefu walikuja na viti vyao. Watu wa visiwa walikaa chini, watoto mapajani. Mimi nilisimama kati ya meza na watu, kwa sababu nilikuwa mkalimani. Wengi wanadhani ukalimani ni kujua lugha mbili. Shida yake ni kwamba unasimama katikati ya watu wanaotaka usikie vizuri, na wengine wanaotaka usisikie sana.

Administrator alisema yake, nikayaeleza. Kisha Mama Ngoie akainuka.

"Karani," aliniambia, "mwambie vile minasema. Usitie sukari."

Chefu wa mashariki aliyekaa karibu nami alinong'ona, "Punguza kidogo, karani. Huyu mzungu iko na hasira."

Mama Ngoie akaanza. "Banasema siye tulikuya ku kisiwa. Hapana. Kisiwa njo ilikuya kwetu. Tulikuwa na mulima wetu, maji ikauzunguka. Tulihama mara moja, tukapanda juu. Bazee betu balibakia chini, mu makaburi. Bwana yangu iko kule. Ile siku maji ilimufikia, nilimwambia: siendi mbali, niko hapa juu yako. Leo huyu bwana anataka niende ku barabara. Muulize, mi nitamwambia nini bwana yangu?"

Administrator angeweza kunifukuza kazi siku ileile, na nyumbani baba alikuwa amekwisha kuzeeka, wadogo zangu wananitegemea. Niliyasema yote kwa Kifaransa, kama alivyoyasema, pamoja na lile swali la mwisho.

Administrator hakunitazama mimi. Alimtazama Bwana Ajenti. "Ni kweli amesema hivyo?"

"Neno kwa neno, Bwana Administrator."

Administrator aliweka kalamu yake mezani. Kisha akauliza kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. "Ni wapi?"

Tata Rajabu alituchukua katika mtumbwi mkubwa, Administrator, Bwana Ajenti, Mama Ngoie na mimi. Hapakuwa mbali. Mama aliinua mkono, Tata Rajabu akaacha kasia. Maji yalikuwa meusi na ya amani, na vichwa vya miti mikavu vilisimama hapa na pale. Mama Ngoie alitoa unga kidogo katika kona ya kitambaa chake, akauachia majini, akasema maneno machache ya kikwao ambayo sikuyaelewa na sikuombwa kuyaeleza. Administrator alivua kofia yake ngumu, akaiweka magotini. Sitaki mfikiri alikuwa mtu laini. Tuliporudi nusu ya njia alianza kumuuliza maswali makavu kama kawaida yake. Ugonjwa ukiingia kisiwani, infirmie, yaani muuguzi, atafikaje?

"Ajenge kwetu," Mama akajibu. "Siye tutakata miti ya nyumba."

Na kukiwa na kesi?

"Tutaileta ku posti. Mitumbwi iko."

Hapo Bwana Ajenti alisema, "Mimi niliugua kwake, Bwana Administrator. Nimepona."

Administrator aliondoka bila kutoa jibu. Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Mvua zilikaribia na watu hawakujua kama walime au wafunge mizigo. Mama Ngoie peke yake alilima. Nilipokwenda kumsalimu nilimkuta ameinama na jembe, nikamuuliza kama haogopi kupoteza jasho lake.

"Kama tunabakia, tutakula," alisema. "Kama tunaenda, nyani batakula. Shamba haina kosa."

Jibu lilipofika, Bwana Ajenti alinisomea mlangoni pa posti. Visiwa vitabaki na watu wake. Havitakuwa vya chefu wa mashariki wala wa magharibi. Vitakuwa kundi moja chini ya posti yetu, na kapita wao wenyewe. Kapita alikuwa mkubwa wa kijiji aliyetambuliwa na serikali. Tulivuka mara moja kuwaambia. Watu walipiga vigelegele hadi ndege wakaruka kwenye miti. Mama Ngoie aliketi chini, akafunika uso kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka kelele zikaisha.

Sheria ya wakati ule haikumjua kapita mwanamke. Basi aliandikwa shemeji yake, Tata Kabwe, mvuvi mpole mwenye maneno machache. Alipewa kofia ya kazi, akaivaa kwa heshima. Lakini kila nilipompelekea jambo la serikali, alilisikiliza hadi mwisho, akakohoa, akasema, "Karani, kaa kidogo. Nitauliza Mama."

Miaka ile ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Nilijifunza kuogelea, vibaya, mbele ya watoto waliokufa kwa kicheko. Infirmie alipata nyumba yake Katondo. Bwana Ajenti na mimi tulitembea visiwa vyote, kila mwaka tukikuta kimoja kimezama na kingine kimejitokeza.

Uhuru ulipokuja, wazungu wengi waliondoka kwa haraka. Bwana Ajenti alikuja posti na mfuko mmoja. Mama Ngoie, aliyekuwa amesikia, alifika na kapu la samaki wa moshi.

"Ulaya ni mbali, mutoto," alimwambia. "Utasikia njaa mu njia."

Nilimwona Bwana Ajenti akilipakia kapu lile mwenyewe, kwa mikono miwili, nyuma ya gari. Kisha akanipa funguo za posti. Tulitaka kusema mengi. Alisema tu, "Sasa posti ni wewe," nikajibu, "Ndiyo, Bwana," kwa mazoea, naye akacheka, akaniomba nimwite kwa jina lake. Nililiita mara moja. Sikumwona tena.

Nilishika posti ile muda mrefu, katika miaka mizuri na ile ambayo bunduki zilizungumza zaidi kuliko makarani. Baadaye nilihamishiwa Tenke, mji wa reli, mahali pa vumbi na filimbi za treni, nikatumikia wakubwa wengi, wenye akili na wasio nazo. Nilistaafu huko, nikarudi kuishi Kapata, mtaa wa Kolwezi, na mke wangu. Vijana wananiuliza utawala ulikuwa nini zamani. Nawaambia sehemu kubwa ilikuwa kukaa chini na mtu mpaka amalize kusema, halafu kuyafikisha maneno yake kwa mkubwa yakiwa mazima. Mengine yalikuwa mihuri.

Nilikuwa mstaafu tayari habari ya kifo cha Mama Ngoie iliponifikia. Wavuvi wawili walikuja kunichukua, tukavuka. Nilikaa nyuma pamoja na wageni, kama ilivyonipasa. Kabla ya kumzika, mtoto wa Tata Kabwe aliita jamaa za Katondo, jina kwa jina, na kila jamaa ilipoitwa, watu wake waliinuka wakasogea karibu na marehemu. Aliita wa mashariki, akaita wa magharibi, akaita wajukuu wa yule mvuvi wa Kasai. Kisha akaita, "Ntumba."

Nilidhani kuko Ntumba mwingine. Nikageuka kumtafuta.

"Karani, simama," alisema mama mmoja aliyekaa pembeni yangu. "Banakuita weye."

Nikasimama, nikaenda mbele.