Kuku Aliyesingiziwa

Juzi nilipita kijiji cha Kasoli nikaona chumba kimejazwa pamba mpaka dirishani, na ile harufu ya vumbi na jua ikanirudisha utotoni.

Nilifanyiwa upasuaji wa utumbo nikiwa mchanga, lakini haja kubwa iliendelea kunitoka bila taarifa. Mama mkubwa, aliyenilea, hakuniondolea macho. Niliamini analinda pamba yake iliyojaa chumbani, nisiichafue.

Mchana mmoja nilikuwa nikirukaruka juu ya pamba pamoja na wanawe, haja ikanitoka. Nikakaa palepale.

"Nani huyo ananuka?" mmoja akauliza.

Mama mkubwa akaingia, akanitazama. Nikajua atanitaja.

"Ni kuku wangu, anaharisha tangu jana," alisema. "Tokeni wote! Wewe baki, mwanangu, tuchambue pamba."

Alininawisha kwa maji ya vuguvugu. Bado nilimshuku: mbona hanichapi?

Jioni baba mkubwa akasikia. "Kuku anayechafua pamba wa nini? Chinja!"

Mama mkubwa akamchinja bila kubisha. Nilipewa paja, nikalila taratibu, nikishuku ananionyesha kitakachonipata siku nyingine.

Sasa najua kuku yule alikuwa mzima kabisa, na ndiye pekee aliyekuwa akimtagia mama mkubwa mayai.