Springi za Mama Hadija

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani. Nimeikumbuka tena kwa sababu mwezi uliopita vijana wawili walikuja hapa kwangu Utemini wakiwa na picha kwenye simu. Walikuwa wanatafuta springi za Landrova ya zamani. Wamenunua gari bovu, wanataka kulifufua, na wakaniuliza kama najua huko vijijini kuna magari yaliyotelekezwa. Niliwaambia wakae kwanza, tunywe chai. Neno kama hilo niliwahi kulitumia mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wao, na lilinigharimu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilishafungua gereji yangu ndogo, na mkono wangu ulikuwa mwepesi. Watu walinisifu, nami nilizipokea sifa zote nikaziamini. Siku hiyo alikuja Mwalimu Yakobo, mzee mstaafu aliyekuwa amemfundisha hata baba yangu mdogo. Landrova yake ilikuwa imelala upande wa dereva kama mtu mwenye goti bovu.

Kwako wewe unayeanza tu kutafuta vyuma vya magari ya zamani, na umezoea ya siku hizi, nieleze kidogo. Landrova zile hukaa juu ya vyuma virefu vilivyopinda kama upinde, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja katikati. Hizo ndizo springi zake. Za mbele kwenye gari la Mwalimu zilikuwa zimechoka kabisa. Upande wa dereva vyuma viwili vilikuwa vimekatika, na bushi, zile raba za kwenye ncha zake, zilikuwa zimeliwa mpaka usukani unavuta gari kando. Kila shimo la barabara liliipiga bodi yenyewe.

Mwalimu hakuwa na shida na bodi. Shida yake ilikuwa mke wake. Mama yule alikuwa na ugonjwa wa mgongo, na baada ya wiki mbili alitakiwa hospitali Dodoma.

"Elia," Mwalimu aliniambia, "kwenye basi hawezi kukaa. Nitamlaza nyuma kwenye godoro. Wewe nifanyie gari likanyage sawa, basi."

Nikaingia kazi ya kutafuta. Madukani mjini hakukuwa na kitu. Nilikwenda Mkiwa, pale njia panda, kwa mtu aliyekuwa akikusanya vyuma vya magari. Alikuwa na springi moja, lakini ilikuwa na ufa pale inapopita bolti, nikaiacha. Siku tano zikaisha hivyo. Siku ya sita mtu mmoja akaniambia kuna Landrova imesimama Ilongero, nyumbani kwa marehemu Mzee Saidi, haijatembea tangu mwenyewe afariki.

Nilifika huko Jumatano asubuhi. Gari lilikuwa kando ya ghala la uwele, matairi yameisha upepo, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Paa lilikuwa limeota kutu. Sikuwa na matumaini, lakini nikalala chini nichungulie. Mwanangu, springi zile zilikuwa nyeusi kwa mafuta. Hazikuwa na kutu hata kidogo. Nilijaribu nati moja kwa spana, ikazunguka kama imefungwa jana. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu kule chini. Sikujiuliza kwa nini gari lililooza juu halijaoza chini.

Pale nyumbani nilimkuta Shabani, mdogo wake marehemu, mtu mpole aliyeongea kwa sauti ya chini. Nikamweleza shida yangu.

"Gari ni la shemeji, mama Hadija," alisema. "Amekwenda kumuuguza mama yake. Atarudi Jumamosi. Msubiri uongee naye."

Jumamosi ilikuwa siku tatu tu mbele. Ningeweza kusubiri, na kazi ningeimaliza kabla ya safari ya Dodoma. Lakini nilikuwa nimeshaziona springi, na mikono ilikuwa inaniwasha. Nikamwambia, "Gari limekufa, na mwenye gari amekufa. Nani atauliza?"

Nilimwambia hivyo ndugu wa damu wa marehemu, nimesimama kwenye uwanja wa marehemu. Shabani akasema, "Mimi sijasema ndiyo."

Nami nikajifanya nimesikia ndiyo. Nilipiga jeki, nikazifungua springi zote mbili za mbele, nikaweka mawe chini ya bodi. Gari likabaki limeinama, pua chini. Nikamwahidi Shabani kwamba Jumamosi nitarudi kuongea na shemeji yake. Jumamosi ilipofika sikurudi.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, sitaificha. Nilizifumua springi chuma kwa chuma, nikasugua yale mafuta meusi kwa brashi ya waya, nikapaka grisi mpya katikati, nikaweka bushi mpya. Na hili lichukue liwe lako: nati za bushi usizikaze mara ya mwisho gari likiwa juu ya jeki. Lishushe kwanza likanyage, libebe uzito wake lenyewe, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, bushi zitachanika baada ya muda mfupi. Kwa mambo kama hayo nilikuwa na subira. Mwalimu alipoliendesha, alimpakia mke wake wakazunguka mjini, na waliporudi mama yule alikuwa anatabasamu. Aliniita mwanawe. Mwalimu aliniuliza nimezipata wapi springi nzuri namna ile, nikamjibu kwamba nimepewa Ilongero.

Jumatatu Mwalimu alilileta gari nikaze nati tena, maana springi zikishakaa nati hulegea. Safari ya Dodoma ilikuwa Jumatano. Tulikuwa tumesimama kando ya gari tukiongea, akaingia mama mmoja mrefu, miguu imejaa vumbi, amejifunga kanga mbili.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi Elia?"

"Ndiyo mimi."

"Na gari ndilo hili?"

Hakungoja nijibu. Alikusanya kanga yake, akachuchumaa pale kwenye gurudumu la mbele, akapitisha mkono chini. Akazigusa springi, kisha akatazama vidole vyake.

"Umezisugua," alisema.

"Ndiyo, mama. Nimeweka grisi mpya."

"Yale mafuta meusi uliyoyatoa, ulidhani yamepakwa na nani?"

Akaendelea akiwa bado amechuchumaa, anaongea kama anayelieleza gari. "Mume wangu alinionyesha alipoanza kuumwa. Aliniambia gari likisimama sana huanza kuoza chini, mahali watu wasipoangalia. Basi kila mwaka tukimaliza kuvuna, naomba mafuta machafu kwa watu wa mashine ya kusaga, nalala chini, napaka. Mwaka wa saba sasa. Watoto wananicheka. Nimerudi Jumamosi kutoka kuuguza, nikalikuta limepiga magoti."

Kisha akasimama, akanitazama machoni.

"Shabani ameniambia ulivyosema. Kwamba gari limekufa na mwenye gari amekufa, nani atauliza. Nimekuja. Mimi ndiye ninayeuliza."

Hakupaza sauti. Nimewahi kutukanwa mbele za watu, nimewahi hata kupigwa, lakini hakuna kilichonishusha kama maneno yale yaliyosemwa taratibu. Mwalimu Yakobo alinigeukia.

"Uliniambia umepewa."

"Samahani, Mwalimu."

"Fungua."

"Mwalimu, Jumatano ni Dodoma. Mama atasafiri vipi?"

"Elia, mke wangu hatalazwa juu ya kitu kilichochukuliwa kwa mjane wakati hayupo. Fungua."

Nilifungua. Nilikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu sikutaka wauone uso wangu.

Kesho yake nilizipeleka springi Ilongero, nikashinda pale nikizirudisha kwenye gari ambalo halitatembea. Nilizifunga kama nilivyozifunga za Mwalimu, bila kuruka hata hatua moja. Mchana mama Hadija aliniletea ugali wa uwele na mlenda, akaninawisha mikono kama mgeni wa heshima. Alingoja mpaka nilipotoa jeki na gari likasimama sawa. Ndipo akavuta kigoda, akakaa.

"Sasa niombe," alisema.

Nikapiga goti, nikamwomba. Nikamweleza habari za mke wa Mwalimu, mgongo wake, safari yake, na basi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza ameugua tangu lini, na kama ana watoto. Moyoni nilianza kupumua. Nilijua sasa nimefanya ilivyopasa, kwa hiyo nitapewa.

"Mwambie nampa pole nyingi," alisema. "Nitamwombea. Lakini springi, hapana."

Hakunieleza sababu. Nami sikuwa mtu wa kudai maelezo. Nilikusanya spana zangu nikaaga.

Mke wa Mwalimu alikwenda Dodoma kwa basi. Mumewe na dada zake wawili walimlaza kwenye kiti cha nyuma, wakamshikilia njia nzima. Alitibiwa, akarudi, akaishi miaka minne akitembea kwa fimbo. Lakini hakunificha kwamba safari ile ya kwenda ilimtoa nguvu ambazo hakuzipata tena. Siwezi kukuambia kwamba springi zile zingebadilisha jambo. Siwezi pia kukuambia kwamba zisingebadilisha. Gari la Mwalimu lilikaa juu ya magogo miezi mitatu mpaka nilipopata springi nyingine, kipande hapa kipande pale, kila kimoja nikikiomba kwa mwenyewe. Mara tatu nilijibiwa hapana, nikashukuru nikaondoka.

Miaka kumi na moja baadaye, Shabani alikuja gereji. Alisema shemeji yake ananiita. Nilikwenda siku ileile. Mama Hadija alikuwa amezeeka, macho yamepungua nguvu. Mwanawe alitaka kujenga pale lilipokuwa gari, na yeye amekubali liondolewe.

"Sikutaka lifumuliwe na mtu mwingine," aliniambia. "Nimekuita wewe kwa sababu ulilirudisha ukalifunga vizuri, wakati ungeweza kunitupia vyuma uwanjani ukaenda zako."

Tulifanya kazi siku mbili. Alikaa karibu, na kila nilipotaka kufungua kitu nilimuuliza, naye alinijibu. Nilipofika kwenye springi za mbele, niliweka spana chini. Zilikuwa nyeusi kwa mafuta, kama siku ile ya kwanza. Nikamuuliza lile nililolibeba miaka yote.

"Mama, kwa nini ulininyima?"

"Siku ile nilikuwa na uchungu, mwanangu. Sikuweza." Kisha akasema, "Lakini ungenisubiri ile Jumamosi, ungeniambia kuna mgonjwa, ningekupa siku hiyohiyo. Hilo gari Saidi alibebea wagonjwa maisha yake yote. Kwa kitu gani kingine ningekuwa naliwekea mafuta?"

Sikuweza kuendelea na kazi mpaka jioni.

Springi zile nilizipeleka kwa mtu wa Ikungi, kwa ruhusa yake mama, na nikamweleza mtu yule zilikotoka. Mama Hadija alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kuzika.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayezunguka vijijini kutafuta vyuma vya magari ya zamani, nakuambia hivi. Hakuna gari lililotelekezwa mpaka mwenyewe akuambie hivyo kwa mdomo wake. Ukikuta kitu kimetunzwa mahali ambapo hapangetazamiwa kutunzwa, simama ujiulize ni mkono wa nani. Usimwombe ndugu kitu ambacho si chake, na akikuambia subiri, subiri, hata kama shida uliyoibeba ni ya kweli na mgonjwa unayemhangaikia ni wa kweli. Shida yangu ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyonipa kiburi. Nilidhani kwa kuwa nafanya jema, njia ya kulifikia haina mwenyewe.

Na ukikosea, rudisha, ufunge kila nati kama ilivyokuwa. Kisha omba ukijua unaweza kunyimwa. Ukinyimwa, usinung'unike. Aliyekunyima leo huenda angekupa jana, kama ungekuja vizuri.

Wale vijana wawili niliwaelekeza sehemu mbili, na majina ya wazee wa kuwaona kwanza kabla hawajasogea karibu na gari. Sijui kama walifuata.

Wewe nakuombea. Mungu akupe mikono ya kazi na masikio ya kusikia neno linalosemwa kwa sauti ya chini. Akukutanishe na watu wa kukuambia ndiyo, na akupe moyo wa kuipokea hapana. Kila nyumba utakayoingia kutafuta, utoke humo ukiwa mtu wanayeweza kumwita tena. Nenda kwa amani, mwanangu.