Sikio Langu na Kabuleta Mbili

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Shinyanga, na sikio lake la kulia lilikufa angali kijana, kwa kelele za mashine ya kuchambua pamba. La kushoto lilisikia nusu. Ndiyo maana mimi, niliyeishia darasa la nne, nikawa sikio la gereji.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini vipuri viliadimika, na kazi ikakauka. Alishona begi la turubai, akaniambia bila ugomvi kwamba mambo yakiendelea hivi atakwenda Geita kuchimba dhahabu. Niliwajua wanawake ambao waume zao walikwenda huko. Mmoja alirudishiwa nguo tu. Nilikuwa na mimba ya kwanza.

Ndipo akaja mzee wa duka la vitambaa, gari lake likivutwa na ng'ombe. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la watu wawili, fupi hata ng'ombe walilizidi kimo. Alilinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Injini yake haikuwa na kabureta ya kuchanganya petroli na hewa. Ilikuwa na pampu iliyogawa petroli kwa vijibomba sita, kila silinda na chake, na pampu hiyo ilikuwa imechoka. Nyingine tungeipata wapi?

"Mzee, tuing'oe," mume wangu alisema. "Tuweke kabuleta mbili."

"Ka-bu-re-ta," mzee alimsahihisha. Asili yake ilikuwa Pwani. "Hivi nyinyi ulimi wenu una nini?"

"Sisi tunasema kabuleta kwa sababu inaleta, Mzee. Hiyo pampu yako imeleta nini? Imeleta ng'ombe."

Mzee alicheka mpaka akashika kofia yake. Kisha akasema likitembea, malori yake yote yatatengenezwa kwetu. Lisipotembea, tusijuane.

Mume wangu alikumbuka gari moja bovu lililotupwa Isaka, gari la kawaida la familia, lakini injini yake ni pacha wa ile. Alikwenda kwa treni, akarudi na kabureta mbili, bomba lake la kugawia hewa, na pampu ndogo ya petroli, vyote amevifunga kwenye khanga yangu. Khanga ile haikutakata tena. Pampu ndogo ilihitajika kwa sababu ile ya zamani ilisukuma kwa nguvu mno, ingezigharikisha kabureta. Gasketi za kuziba maungio tulikata kwenye boksi la sabuni.

Ikabaki kazi yangu. Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa. Unaweka ncha moja ya mpira mwembamba wa petroli kwenye sikio, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikia sauti kama ya mtu anayefyonza uji wa moto. Mimi nasema, "Ya mbele imezidi," yeye anageuza skrubu. Tukaenda hivyo toka asubuhi. Alasiri mgongo ulikuwa unaniuma, na ya nyuma bado ilikuwa chini kidogo. Nikasema, "Sawa."

Nilidanganya.

"Nenda na mkeo mpaka Tinde," mzee alisema. "Likizima, sukumeni. Nyinyi si Wasukuma?"

Lilikwenda kama mshale. Kitambaa kilinitoka kichwani, nikakiacha kiende. Lakini karibu na Tinde alipunguza mwendo kuwapisha mbuzi, gari likatetemeka, likakohoa, likazima. Alishuka, akafungua boneti, akagusa skrubu moja moja.

"Nimekosea wapi?" akasema. "Basi. Nitakwenda tu Geita."

"Hukukosea. Ni mimi. Ya nyuma haikuwa sawa. Nilichoka, nikakudanganya."

Aliniangalia. Halafu akacheka, akacheka mpaka mchunga mbuzi naye akacheka bila kujua sababu.

"Kumbe! Mimi nilidhani sijui kazi. Haya, leta sikio."

Nililileta. Safari hii sikusema sawa mpaka ikawa sawa. Tulipofika Shinyanga mzee alikuwa mlangoni pa duka. Mume wangu hakuizima injini. Aliiacha iungurume taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti, maana yeye alisikia kwa mkono.

Mzee alitega sikio. "Kabuleta," akasema hatimaye. "Inaleta."

Jioni ile niliondoa nguo zake kwenye begi la turubai, nikajaza vitunguu.

"Nikisafiri je?" aliuliza.

"Utasafiri na vitunguu."

Hakwenda Geita. Tulizaa wanne, tukazeeka. Alipougua mwaka jana, sikio la kushoto nalo lilikuwa limezima, akawa hasikii hata nikipiga kelele. Nikautafuta mpira ule wa kusikilizia kabureta. Ncha moja niliweka kwenye sikio lake, nyingine mdomoni mwangu, nikamwambia polepole kwamba watoto wote wamefika, na kila kitu kiko sawa.

Alifumba macho, akatabasamu.

"Hata ya nyuma?"