Kachak ya Bastola ya Shule

Harufu ya fataki za Diwali ikiingia dirishani kwangu hapa Kisumu, vidole vya miguu hujikunja vyenyewe, tayari kwa mbio. Umri umesonga na magoti ni mabovu, lakini vidole havina habari.

Miaka ya themanini, shule yetu kule Nyamasaria ilikuwa na bastola ya kuanzishia mbio, kuukuu kuliko walimu wote, ya kupiga fataki tu. Silinda yake, kile kipande kinachozunguka chenye matundu ya fataki, ilikuwa imelegea. Mwalimu Odera wa michezo alipovuta kifyatulio, silinda iligonga kwanza: kachak! Kisha mlio ukafuata. Wenzangu walingoja mlio. Mimi nilitoka na kachak. Siri hiyo sikumwambia mtu, na katika mita mia wasichana wote walikijua kisogo changu kuliko uso. Kichwa kilinivimba, siwafichi.

Baba, fundi wa cherehani, hakukosa mashindano hata moja. Nikishinda alisema tu, "Nimeona," akaenda zake. Iliniuma sana.

Wiki moja kabla ya mashindano ya Awasi, ambako bastola yetu ndiyo ingetumika, nilimkuta ameifungua ile bastola mezani kati ya vyuma vya cherehani.

"Hii kitu inacheza sana, nyathina," alisema, akiniita mwanangu kwa Kijaluo huku akiisukuma silinda mbele na nyuma kwa kidole gumba. Kachak, kachak. "Nimeomba Mwalimu anipatie nitengeneze."

Alikata pete nyembamba kutoka kopo la mafuta ya kupikia, akaipaka masizi ya koroboi na kuivika kwenye mhimili wa silinda. Aliizungusha, akaitoa, akatazama masizi yalipofutika, akasugua hapo hapo kwa msasa. Pete ikiwa nene, silinda inakwama. Ikiwa nyembamba, inagonga. Siku tatu alirudia, na siku tatu nilimwomba Mungu ikwame. Mwishowe alinipa bastola mkononi.

"Tingisha."

Nilitingisha. Kimya kabisa.

Kule Awasi nilisubiri kachak ambayo haikuja. Bastola ilipolia, wenzangu walikuwa wameshaondoka. Nilikimbia kwa hasira na machozi, kwa nguvu ambazo sikuwahi kuzihitaji, nikamaliza wa pili, hatua moja tu nyuma.

Baba aliruka kamba ya kuzuia watazamaji, akanifuta vumbi usoni kwa kitambaa kilichonuka mafuta ya cherehani. Machozi yalimlengalenga.

"Leo umekimbia," alisema.

Nilimnunia mpaka nyumbani. Nilikuwa tayari mama wa watoto watatu nilipojiuliza: nani alimwambia Baba kuwa bastola ya shule inacheza? Hakuna aliyemwambia. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza vyuma vilivyolegea aliisikia ile kachak tangu mbio za kwanza, akaona pia nani anatoka nayo. Angeweza kunichapa. Angeweza kunisema kwa Mwalimu mbele ya shule nzima. Baba yangu mpenzi alikaa siku tatu akisugua pete ya bati, na hakunitajia neno hadi alipofariki.